Roboti ya Kubebea Vitabu Inayoelekezwa kwa Maneno: Tathmini Baada ya Wiki Sita

Kwa muda wa wiki sita maktaba ninayofanyia kazi imekuwa ikitumia roboti ya magurudumu inayobeba vitabu vilivyorudishwa kutoka kaunta hadi kwenye rafu. Kwa maelezo ya waliotuletea, haihitaji rimoti wala kubofya ramani kwenye kompyuta, kwa kuwa mtu huiambia kwa Kiswahili cha kawaida mahali anapotaka iende, nayo huenda. Dai hilo la mwisho ndilo ninalolipima hapa. Uimara wa magurudumu, muda wa kukaa na chaji na uzito inaoweza kubeba yote yalituridhisha, na sina haja ya kuyarudia. Toroli nzuri tulikuwa nayo tangu zamani. Tulichokosa ni toroli inayoelekezwa kwa mdomo, hasa nyakati ambazo mikono yote miwili ya mkutubi imejaa vitabu.

Chombo chenyewe kina kimo cha kufika kiunoni. Kina trei mbili, skrini ndogo upande wa mbele, maikrofoni kadhaa juu kabisa, kamera mbili zinazopima umbali wa vitu, na leza inayozunguka chini ya usawa wa goti. Siku ya kwanza tuliizungusha jengo zima kwa kuisukuma polepole ili ijichoree ramani, kisha tukaipitisha tena tukiitajia majina: hii ni kaunta, hii ni rafu ya historia, ule ni mlango wa ghala. Kazi hiyo ilichukua asubuhi moja tu, na nilifurahi sana kuona kila jina nililolitamka likijitokeza kwenye skrini mahali pake sahihi.

Kuifundisha roboti majina ya vitu kwa mazungumzo si jambo jipya. Mwaka 2004 Marjorie Skubic wa Chuo Kikuu cha Missouri na wenzake, wakiwemo watafiti wa maabara ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, walichapisha kazi kuhusu roboti iliyotumia vihisi vya mwangwi wa sauti kuchora ramani ya miraba. Roboti hiyo ilieleza inahisi vitu vingapi na viko upande gani, ikapewa majina ya vitu hivyo, kisha ikaagizwa kwenda mahali kwa kutumia majina hayo hayo. Ili kuamua kama kitu kiko kulia au mbele, walitumia hesabu inayoitwa histogramu ya nguvu: chukulia kwamba kila nukta ya kitu kimoja inavuta kila nukta ya kitu cha pili, jumlisha mivuto hiyo kwa kila mwelekeo, nawe utapata mwelekeo uliotawala na ule unaoambatana nao kwa mbali. Ndiyo maana roboti ile iliweza kusema kwamba kitu kiko mbele yake kwa sehemu kubwa lakini kimeelemea kulia kidogo, kama asemavyo mtu. Kabla ya hapo, kati ya 1968 na 1970, Terry Winograd alikuwa ametengeneza katika taasisi ya MIT programu ya SHRDLU, iliyopokea maagizo ya Kiingereza ya kupanga maumbo ya rangi mbalimbali. Maumbo hayo, hata hivyo, yalikuwa ndani ya kompyuta tu, na kompyuta ilijua kila moja liko wapi bila kulitafuta. Roboti inayotembea haina raha hiyo. Inajua tu yale ambayo leza na kamera zake zimeyaona kutoka ilikopita, na anayeiagiza huwa amesimama kwingine.

Hapo ndipo neno "mbele" lilipotutesa. Katika wiki ya kwanza niliiambia: "Peleka vitabu hivi mbele ya nguzo." Nguzo yetu ni ya duara, haina uso wala kisogo. Nilikuwa nimesimama kaunta, roboti ilikuwa upande wa madirisha, na nilichokusudia ni upande wa nguzo unaonielekea mimi. Roboti ilisimama upande uliokuwa karibu na yenyewe, ikaziba njia ya msomaji aliyekuwa ameketi hapo, ikatangaza kwamba imefika. Nilirudia agizo kwa sauti ya juu zaidi, kama tufanyavyo tusipoeleweka, nayo ikajibu kwamba tayari iko mbele ya nguzo.

Jioni hiyo niliwaomba wenzangu watatu, mmoja baada ya mwingine, wasimame mbele ya nguzo ile ile huku mimi nikiwa kaunta. Wawili walisimama kati yangu na nguzo. Wa tatu alipita akasimama ng'ambo yake, akaeleza kwamba yeye na nguzo wanatazama upande mmoja, kwa hiyo mbele ya nguzo ni kule inakotazama. Hakukosea. Clifford Hill, mwanaisimu aliyechunguza Kihausa, alionyesha kwamba wasemaji wa lugha hiyo huelekea kukipa kitu kisicho na uso mwelekeo ule ule wa mtazamaji, hata kilicho "mbele" ya mti kikawa mbali zaidi kuliko mti wenyewe. Stephen Levinson wa Taasisi ya Max Planck iliyoko Nijmegen aliigawa mifumo ya kuelekezana katika mafungu matatu: unaofuata uso wa kitu chenyewe, kama tunaposema mbele ya kiti, unaofuata macho ya mtazamaji, na unaofuata pande za dira, kama wafanyavyo wasemaji wa Guugu Yimithirr huko Australia, ambao hutaja kaskazini na kusini hata kwa vitu vilivyo karibu nao kabisa. Kwa majaribio niliyoyafanya, roboti yetu inaweza kutumia mifumo yote mitatu. Kinachokera ni kwamba huchagua mmoja kimya kimya, na mtu hujua uamuzi wake baada ya kuiona imesimama asipoitaka.

Ukimya huo una dawa, na dawa yenyewe imo ndani ya roboti hiyo hiyo. Katika wiki ya tatu, nikiwa napekua mipangilio yake, nilikuta kipengele cha kuthibitisha mahali kabla ya kuondoka. Kilikuwa kimezimwa tangu kiwandani, na katika siku nzima ya mafunzo hakuna aliyetutajia kwamba kipo. Nilikiwasha, nikarudia agizo la nguzo kutoka pale pale kaunta. Roboti ilijibu: "Nitasimama upande wa nguzo unaoelekea madirisha. Niende?" Nikasema hapana, upande unaoelekea kaunta. Ikasema sawa, ikaenda, ikasimama nilipotaka.

Naomba msomaji aitazame vizuri sentensi hiyo ya roboti. Haikusema "mbele yako", haikusema "kulia kwangu". Ilitafuta kitu cha tatu, madirisha, ambacho mimi na yenyewe tunakijua na ambacho hakihami tunapogeuka, ikakitumia kama shahidi kati yetu. Mwelekezaji mzuri hufanya vivyo hivyo anapomwelekeza mgeni: huacha mkono wake na mkono wa mgeni, akashika kitu kinachoonekana na wote wawili. Tangu siku hiyo hatujawahi kuikuta imeziba njia kwa sababu ya kutoelewana. Bado hukosea, lakini hulitaja kosa lake kabla ya kulitenda, na kosa lililotajwa mapema husahihishwa kwa maneno mawili. Kwangu mimi kipengele hiki ndicho bidhaa yenyewe. Bila hicho nisingemshauri mtu yeyote aichukue.

Na katika kusahihishwa, niseme wazi, roboti hii ni hodari. Ukiiambia "hapana, upande wa pili", huhesabu upande wa pili kutoka mahali ilipokuwa imependekeza, si kutoka ilipo. Ukisema "rudi ulipokuwa", hurudi. Ukisema "sio hiyo, ile iliyo kati ya kaunta na mlango", huacha rafu iliyoifikiria na kuchukua nyingine iliyomo katikati ya vitu hivyo viwili, hata kama hujaitaja kwa jina. Mara moja nilibadilisha nia mara tatu mfululizo kabla haijaanza kutembea, nayo ilinifuata hatua kwa hatua bila kuniomba nianze upya.

Kulia na kushoto kuna mtego wake. Katika lugha yetu kulia ni mkono, mkono wa kulia, na mkono hauna budi kuwa na mwenyewe. Ukisema "kulia kwako" roboti huelewa kulia kwake, ukisema "kulia kwangu" huangalia kamera ikakadiria umesimama vipi, na mara nyingi hupatia. Ukisema "kulia" tu, huchukua kulia kwake. Utaratibu huo haubadiliki, na mtu huuzoea. Lakini roboti hii inaweza kwenda kinyumenyume bila kugeuka, na hufanya hivyo mara kwa mara katika vichochoro vya rafu ambamo haina nafasi ya kujizungusha. Hapo anayeitazama ikija kwake huona upande inaokwenda ndio mbele yake, ilhali yenyewe huhesabu mbele kuwa upande wa skrini. Kulia kwake kukawa kushoto kwa macho ya kila mtu. Tulipata mkanganyiko huu mara nyingi kiasi kwamba nilibandika karatasi yenye neno MBELE juu ya skrini. Watafiti wa maabara ile ya Wanamaji, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2005, walichunguza mazungumzo ya wanaanga waliokuwa mazoezini, wakaona jinsi wanavyohama kutoka mtazamo mmoja hadi mwingine ndani ya mazungumzo yale yale. Ikiwa wanaanga huhama hivyo, mkutubi aliyechoka hataacha, na ni wajibu wa roboti kulitarajia hilo.

Kinachoniuma zaidi kinahusu Kiswahili chenyewe. Lugha hii ina ngeli nzima ya mahali, na viambishi vyake vitatu vina kazi kubwa: pa- ni mahali mahususi, ku- ni mahali pa jumla au pasipo mipaka dhahiri, m- ni ndani. Mtu akisema sanduku moja lipo mlangoni, la pili liko ghalani, la tatu limo ghalani, msikilizaji ameshajua kwamba la kwanza atalikuta hapo hapo, la pili atalitafuta upande huo, na la tatu hatalipata bila kuingia. Niliweka masanduku mawili yanayofanana, moja nje limeegemea ukuta wa ghala na jingine ndani, nikaiambia: "Nenda penye sanduku lililomo ghalani." Ilikwenda kwenye sanduku la nje. Nikasema "lile la mle ghalani", ikabaki pale pale. Niliposema "sanduku lililo ndani ya ghala", iligeuka na kuingia bila kusita. Kumbukumbu za maagizo, ambazo mtu anaweza kuzifungua kwenye skrini, zilionyesha sababu: lililopo, lililoko na lililomo yote yalikuwa yameandikwa kama uhusiano mmoja tu, "karibu na ghala".

Sikio la roboti halina kasoro. Maneno yangu yalikuwa yameandikwa kwenye kumbukumbu jinsi nilivyoyatamka, pamoja na "lililomo". Utambuzi wa matamshi ya Kiswahili umepiga hatua: mradi wa Common Voice wa Mozilla hukusanya sauti za Kiswahili, na mfumo wa Whisper uliotolewa na OpenAI mwaka 2022 hukiandika Kiswahili miongoni mwa lugha nyingi. Pengo liko baada ya sikio, pale ambapo neno linatakiwa kuwa mahali. Mkusanyo wa maelekezo wa Room-to-Room wa mwaka 2018, uliotumiwa sana kufunza na kupima programu zinazofuata maelekezo ndani ya majengo, una maelekezo zaidi ya 21,000, yote ya Kiingereza. Uliofuata mwaka 2020, RxR, uliongeza Kihindi na Kitelugu. Kiswahili hakimo. Sishangai basi kwamba kiambishi chenye herufi moja, kinachomwambia binadamu "ingia", kinapita kwenye mashine kama vumbi. Lakini bidhaa inayonadiwa kwamba inaelewa Kiswahili cha kawaida haina ruhusa ya kuitupa ngeli ya mahali, kwa sababu Kiswahili cha kawaida hakisemwi bila hiyo.

Tena kuna kuvuta sauti. Sisi sote tunajua kwamba "kule" na "kuleee" si mahali pamoja, na kadiri sauti inavyopanda na kurefuka ndivyo mahali panavyozidi kuwa mbali. Aghalabu neno hilo huenda na kidole, au na kidevu kikinyanyuka upande unaohusika. Roboti huliandika neno kwa urefu mmoja tu, na kidole haikioni, ingawa ina kamera mbili. Kila niliposema "peleka pale" nikiwa nimenyoosha mkono, iliuliza pale ni wapi. Swali lilikuwa la haki, na afadhali iulize kuliko ikisie; ila kwa msemaji wa Kiswahili "pale" ni nusu ya maelekezo yote anayoyatoa kwa siku, na kulikosa neno hilo ni hasara kubwa.

Vitenzi vya njia inavifahamu kwa kiasi cha kuridhisha. "Nyoosha moja kwa moja", "kata kulia", "pinda kushoto", "zunguka meza", "pita katikati ya rafu", yote ilitekeleza. "Sogea kidogo" huitekeleza kwa kipimo kimoja, kama nusu mita hivi, iwe ukumbini au kwenye kichochoro ambamo nusu mita ni ukuta, na hapo husimama na kusema njia imefungwa. Kidogo cha ukumbini si kidogo cha kichochoroni. Vivyo hivyo karibu na ukuta si karibu na stuli, kwa kuwa ukubwa wa kitu na nafasi iliyopo ndivyo vinavyoamua neno limechukua eneo gani. "Pisha" haikuijua kabisa. Mwenzetu aliye mzee kuliko sote, ambaye kila mtu ni mwanawe, aliiambia kwa upole: "Mwanangu, hebu nipishe nipite." Roboti ilimjibu kwamba hakuna mahali panapoitwa Mwanangu kwenye ramani yake, ikabaki imesimama njiani. Mzee alizunguka rafu nzima kuikwepa, na kwa siku mbili hakuisemesha tena. Kumwita anayesikiliza kwa jina la udugu ni sehemu ya agizo la heshima katika lugha hii, na ilipasa mashine ifundishwe hivyo kabla ya kuletwa mbele ya watu wazima.

Kuhusu macho yake sina mengi. Leza iliyo chini ya goti huiona meza kama miguu minne, kwa hiyo "kando ya meza" wakati mwingine huifanya iingize trei chini ya ubao wa meza, ingawa kamera mara nyingi huiwahi. Mlango wa kioo leza huupenya. Kwenye ramani pale palikuwa wazi, na tulipoiambia isimame kabla ya mlango ilisema haioni mlango. Tulibandika utepe mweupe kwenye kioo kwa usawa wa leza, tukachora ramani upya, na tatizo likaisha. Mtoa huduma angeweza kutuambia hilo mapema.

Uamuzi wetu baada ya wiki sita ni kuendelea nayo katika ghala na ushoroba wa nyuma, ambako watumiaji ni wakutubi watano wanaojua kusema "ndani ya" badala ya "mle" na waliozoea kuitikia swali lake kabla haijaondoka. Huko imetupunguzia mizunguko mingi kwa siku, na migongo yetu inalijua hilo. Katika ukumbi wa wasomaji tumeisimamisha kwa sasa. Kipengele cha kuthibitisha mahali hujizima chenyewe kila roboti inapotoka kwenye chaja, na mtoa huduma tuliyemwandikia mara mbili amejibu kwamba ndivyo ilivyokusudiwa, ili isiwachoshe watumiaji kwa maswali. Kwa hiyo mkutubi anayefungua mlango asubuhi hufungua mipangilio kwanza, hukiwasha kipengele hicho, husubiri roboti iulize swali lake la kwanza, ndipo huanza kuipakia vitabu.